Kidole Kimekataa, ao Mashini Ndiyo Imekufa?

"Kidole kimekataa." Maneno haya mawili, kila mtu wa Masisi na Walikale aliyewahi kupanga mstari mbele ya mashini ya alama za vidole anayajua. Unayasikia asubuhi kwenye mlango wa kampani. Unayasikia kambini siku ya kugawa unga na mafuta. Uliyasikia pia kwenye biro la kuandikisha wapiga kura, wewe uliyebahatika kufika mbele ya mashini. Aliyekaa nyuma ya meza hainui hata macho, anasema tu kidole kimekataa, na wewe unasogea pembeni huku unapangusa mkono kwenye suruali kama mtu aliyekamatwa na kosa.

Sisi wa sendika tunataka kusimama kidogo juu ya maneno hayo, kwa sababu yanakula siku za kazi za watu. Mara nyingi kidole hakijakataa kitu. Kilichokataa ni kile kidirisha kidogo cha kuwekea kidole, ambacho mafundi wanakiita kapteri. Na kati ya vitu vinavyoua kapteri kuko kimoja ambacho hakionekani, hakina harufu, na kinatoka kwenye mwili na nguo zetu wenyewe. Ni umeme wa kusugua. Vitabuni wanauita umeme tuli, maana yake umeme uliotulia fasi moja, unangoja njia ya kutokea.

Tukisema hivi kwenye mikutano, kuko wanaocheka. "Umeme gani tena, siye ambao nguzo ya SNEL tunaiona tukifika Goma tu?" Lakini umeme huu hauhitaji nguzo. Mtu yeyote aliyelala kwenye milima ya Masisi mwezi wa saba anaujua, hata kama hajui jina lake. Usiku baridi inapiga, hewa imekauka, unavua pulovere ya nailoni ndani ya giza: inalia kama chumvi iliyomwagwa kwenye moto, na ukiangalia vizuri unaona vimulimuli vidogo. Ao unamfunika mtoto bulangeti la nailoni, unamgusa sikio, na wote wawili munashituka. Huo ndio wenyewe.

Unazaliwa namna hii. Vitu viwili vikisuguana kisha vikaachana, kimoja kinaondoka na chembe za umeme za mwenzake. Kama ni pamba yenye unyevu, ao mkono mtupu juu ya chuma kilichoshikamana na udongo, chembe zile zinarudi kwao kimya kimya na hakuna anayejua. Kama ni nailoni, plastiki, kauchu ya buti, ao mifuko ile ya plastiki tunayobebea madini, chembe haziko na njia ya kurudia. Zinabaki pale, zinajikusanya. Mwili wa mtu unakuwa kama bidoni inayojazwa, na buti za kauchu ni kifuniko kinachozuia isimwagikie udongoni. Halafu mtu anagusa chuma, na vyote vinatoka kwa nukta moja.

Hesabu zake zinashangaza. Umeme wa nyumbani uko na volti 220 na unaua mtu. Ule mchomo mdogo unaousikia kwenye ncha ya kidole, kwa kawaida unaanzia volti 3.000 hivi. Mtu akitembea juu ya zulia la nailoni katika hewa kavu sana anaweza kufikisha volti 35.000, katika hewa yenye unyevu mwingi, zulia lilelile, mtu yuleyule, atafikisha kama 1.500. Kama ni hivyo, kwa nini hatufi? Ni kwa sababu umeme wenyewe ni kidogo mno. Wazia tone moja la maji linalodondoka kutoka juu ya maporomoko: limetoka juu sana, lakini ni tone, haliwezi kukubeba. Sasa weka sisimizi chini ya tone lile. Vipande vidogo vya ndani ya mashini ndivyo sisimizi. Kuko vinavyouawa na volti zisizofika hata 100. Hiyo ni chini kabisa ya kile mkono wa mtu unaweza kusikia, ndiyo maana unaweza kuua mashini na usijue kama umeigusa vibaya.

Kapteri ziko za jamaa mbili, na ni vizuri mtu ajue iliyo mbele yake ni ipi. Ya kwanza inatumia mwanga. Unaona kioo, chini yake kuko taa, na kamera inapiga picha ya kidole. Zile mashini kubwa za kuwekea vidole vinne pamoja kwa kawaida ni za namna hii. Kioo chake ni kinene, umeme wa kusugua hauiumizi sana. Adui zake ni mchanga unaochuna kioo, na jua kali likiingia moja kwa moja. Ya pili ni ndogo, haina taa, ndiyo iko kwenye telefoni nyingi na kwenye mashini nyingi za pointaji zinazopigiliwa ukutani. Ndani yake, chini ya ngozi nyembamba ya kinga, kumepangwa vibamba vya chuma kwa maelfu, kila kimoja kina upana karibu na unene wa unywele. Kila kibamba kinapima umeme kidogo kinaoweza kushika kikiwa na kidole juu yake. Pale mstari wa kidole umekaribia kinashika zaidi, pale bonde la katikati ya mistari kinashika kidogo. Ndivyo inavyochora kidole chako.

Tabu yake inatoka palepale. Vipande vingine vyote vya mashini vimefichwa ndani ya sanduku. Hiki peke yake kimeachwa uchi, kwa sababu lazima kidole kikifikie. Ni kama kumwacha askari mmoja nje ya handaki. Kwa kumkinga, watengenezaji wengi wanazungusha pete ya chuma pembeni ya kapteri, ili cheche ya kidole igonge pete kwanza na ikimbie kwa waya mpaka udongoni. Waya ule mafundi wetu wanauita waya wa tere. Pete isiyofungwa kwenye waya wa tere haisaidii kitu. Ni bangili tu.

Cheche ikigonga kapteri, matokeo ni matatu. Pengine mashini inazimia: inawaka lakini haisomi mtu yeyote, na ukiizima kabisa na kuiwasha tena inarudi. Pengine inakufa, imekwisha. Na pengine, hii ndiyo mbaya zaidi kwetu, inajeruhiwa. Inaendelea kufanya kazi lakini inasoma vibaya. Leo inakubali, kesho inakataa, inachagua watu. Mashini iliyojeruhiwa ndiyo inayozaa ugomvi, kwa sababu mkubwa wa kazi anasema: "Mbona wengine inawakubali?"

Hapa tuseme neno moja la pembeni. Ndani ya mashini ileile inayokataa kidole cha mchimbaji, vipande vyake vimeshikizwa kwenye ubao kwa bati, na bati linatoka kwenye kasiterite kama ile ya Bisie. Na katika telefoni kuko vichupa vidogo vya kutunzia umeme vinavyotengenezwa na tantali, ile inayotoka kwenye koltani. Kufuatana na hesabu ya Umoja wa Mataifa, machimbo ya Rubaya peke yake yanatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Kazi ya vichupa vile ni kushika umeme na kuuachilia kwa utaratibu. Mchimbaji wa Rubaya anachimba kitu cha kutuliza umeme, kisha anarudishwa nyumbani bila siku yake juu ya umeme usiotulizwa.

Kisa chenyewe tulikiona katika kampani moja. Jina na fasi tunaviacha. Mashini ya pointaji ilipigiliwa ndani ya kontena la chuma. Kontena lilikaa juu ya magogo, halikugusa udongo. Nje kulikuwa grupu ya umeme, imesimama juu ya matairi yake, bila waya wa tere. Ndani waliweka mashini ya baridi, inapuliza usiku na mchana juu ya ordinateri zao, na sote tunajua hewa ya mashini ile ni kavu kama ya jangwa. Chini walitandika zulia la plastiki ili tope lisiharibu. Kiangazi kile, kati ya mwezi wa sita na wa nane, kapteri tatu zilikufa, na kila mara watu walipoteza siku. Kampani ikasema ni wafanyakazi wanaofinya kwa nguvu, wako na mikono michafu, na ikaanza kuongea juu ya kukata kwenye mshahara.

Mwenzetu mmoja, fundi wa umeme, alikaa asubuhi mbili akiangalia tu. Aliona hivi. Kwa sababu ya baridi, timu ya asubuhi inakuja na majaketi ya nailoni juu ya pulovere. Mlinzi wa mlangoni anadai kila mtu avue jaketi ili amkague. Mtu anavua, jaketi inalia, anaingia na buti za kauchu, anakanyaga plastiki hatua nne, ananyoosha kidole kwenye kapteri. Hata mtu angepewa kazi ya kutafuta namna ya kuua mashini ile, asingepata njia nzuri kuliko hiyo.

Dawa ilikuwa ya feza kidogo. Fimbo ya shaba iliyopigiliwa udongoni, waya mnene kutoka kontena, grupu na sanduku la mashini mpaka kwenye fimbo, na bomba la chuma lililowekwa mbele ya mashini kama la kushikia ngazi, nalo likafungwa kwenye waya uleule. Zulia likatolewa, ikawekwa sakafu ya mbao. Kila mtu anashika bomba kwa kiganja kizima kabla ya kuweka kidole. Mtu anaweza kusema tulisaidiwa na mvua za mwezi wa tisa, kwa kuwa hewa yenye unyevu inauza umeme huu wenyewe. Na sisi tulijiuliza hivyo. Lakini kiangazi kilichofuata kilipita na kapteri ileile ikiwa ukutani.

Juu ya fimbo ile, neno kwa mafundi. Udongo wa Walikale, wa msituni, uko na unyevu, fimbo inaingia vizuri. Upande wa Sake ni mawe ya volkano. Fimbo haiingii, na hata ikiingia, jiwe kavu halichukui umeme. Pale wazee wa kazi wanachimba shimo, wanazungushia fimbo makaa yaliyopondwa na chumvi, na kumwagia maji katika kiangazi. Na kazi hii inafanywa grupu ikiwa imezimwa, na mtu aliyejifunza. Waya wa tere uliofungwa vibaya unaweza kupeleka umeme wa grupu kwenye bomba ambalo watu wote wanashika. Hatutaki kuponya mashini na kuua mtu.

Tumetaja Sake, na hapo hatuwezi kupita bila kuongea juu ya radi, kwa sababu radi ni huu huu umeme wa kusugua, umekuzwa na mawingu. Mwaka wa 2016 wanasayansi walitoa hesabu ya miaka 16 iliyopimwa na chombo cha angani, ya fasi zinazopigwa na radi zaidi katika dunia nzima. Ya kwanza ilikuwa ziwa Maracaibo la Venezuela. Ya pili Kabare, jirani yetu wa Kivu ya Kusini. Sake imo katika kumi za kwanza, ikiwa na radi zaidi ya 140 kwa kila kilometa mraba kwa mwaka. Butembo nayo imo. Kwa hiyo mashini zetu ziko na maadui wawili wanaopokezana. Kiangazi ni cheche ya kidole, masika ni radi inayoingia kwa waya wa grupu ao wa antena. Ngurumo ikisikika, mashini ichomolewe, waya wa umeme na waya wa antena. Kuizima kwa kitufe tu hakutoshi.

Kuko pia jambo linalochanganya watu: umeme unaowasha ganzi. Unaweka telefoni kwenye sharja ya bei rahisi, ukipitisha mkono nyuma yake unasikia kama sisimizi wanatembea, na palepale telefoni inakataa kidole. Huo haukutoka kwenye kusugua. Ni umeme wa grupu unaovuja kidogo kupitia sharja, kwa kuwa hakuna tere, na unachafua kipimo cha kapteri. Dawa ni kuitoa kwenye sharja na kujaribu tena. Wamama wanaofungua telefoni kwa kidole wakitaka kuangalia feza yao waanze na hilo kabla ya kulipa fundi wa sokoni.

Sasa tuwe wakweli upande wa vidole vyetu. Hatusemi kila mara kosa ni la mashini. Anayeponda mawe kwa nyundo, anayeosha koltani kwa maji na mchanga siku nzima, mistari ya vidole vyake inalika. Inarudi: ngozi inajijenga upya kwa muda wa mwezi hivi kama mikono imepumzika. Lakini nani kati yetu anapumzika mwezi? India wanajua tabu hii. Tangu 2010 wameandikisha watu zaidi ya bilioni moja katika mpango wao wa Aadhaar, na hawakuchukua kidole kimoja. Walichukua vidole vyote kumi, macho mawili na picha ya uso. Na bado watu wa kazi ya mikono kule wamelia kwamba mashini za chakula cha serikali zinawakataa. Kama bilioni moja wanahitaji vidole kumi na macho mawili, kampani inayoandikisha mchimbaji kwa kidole cha shahada cha mkono wa kuume peke yake, tena mkono wa kushika nyundo, inajitafutia ugomvi. Vichukuliwe angalau vidole viwili vya kila mkono. 

Namna ya kutofautisha si ngumu. Kama aliyekataliwa ni mtu mmoja katika mstari, aoshe mikono, ajipanguse vizuri, ajaribu kidole kingine. Pengine ni ngozi yake. Kama wanakataliwa watano wakifuatana, aitwe karani wa biro, yule mwenye mikono laini, aweke chake. Kikikataa na chake, basi maneno yamekwisha: mashini izimwe kabisa, ihesabiwe nukta thelathini, iwashwe. Tumeona makarani wanaokasirika wakiombwa hivyo. Waombwe kwa heshima, lakini waombwe.

Wale wanaotunza mashini wako na makosa yao ya kila siku, na mengi yanatokana na nia njema. Wanafunika kapteri kwa sashe ya plastiki ili vumbi lisiingie, na asubuhi wanaivuta: kule kuvuta tu kunazaa umeme. Wanabandika skochi juu yake, kisha wanaibandua. Skochi ikibanduliwa inatoa maelfu ya volti. Wanapangusa kwa kitambaa cha nailoni kikavu, tena kwa bidii. Kitambaa kiwe cha pamba, kilowe kidogo sana, mashini ikiwa imezimwa. Kifuniko kiwe cha pamba ao sanduku la mbao. Kama kuko mashini ya baridi ndani na haiwezi kuzimwa, mlango ufunguliwe mara kwa mara, hewa ya nje iingie. Ya kwetu iko na unyevu wa kutosha karibu mwaka mzima.

Kapteri ya akiba inakuja katika mfuko wa rangi ya fedha ao ya waridi. Mfuko ule haukuchaguliwa kwa urembo, umetengenezwa ili umeme usijikusanye juu yake. Tumeona fundi anatoa kapteri kwenye mfuko ule, anautupa, anaitia kapteri katika sashe ya chumvi na kuifunga kwenye pikipiki mpaka machimboni, kilometa za mashimo, sashe inasugua njia yote. Akifika anasema watengenezaji ni wezi. Anayefungua mashini ashike chuma chenye tere kwanza, ashike kapteri kwa kingo zake, asiguse meno ya waya. Kuko bangili ya kuvaa mkononi kwa kazi hii, yenye waya unaokwenda kwenye tere. Ndani ya waya ule wanaweka kizuizi cha omu milioni moja, ili fundi akigusa umeme wa grupu kwa bahati mbaya asiuawe na bangili yake. Kwa hiyo asijitengenezee ya waya mtupu.

Na tuseme hili kabla hatujasahau, ingawa halihusu vidole. Cheche ileile inawasha petroli. Akina Kadhafi wa barabarani, na wote wanaojaza bidoni kwa ajili ya pompi za machimbo: bidoni iwekwe chini, ardhini, wakati wa kujaza, isijazwe ikiwa juu ya plastiki ya gari. Hata wanaotumia fataki za umeme kwenye migodi mikubwa wanasokota ncha za nyaya mbili pamoja mpaka saa ya kuzifunga, kwa kuogopa umeme huohuo.

Turudi kwenye siku za kazi. Watu wetu hawana karatasi nyingi. Kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho cha Mukongomani tangu uandikishaji wa 2005, na Masisi tunajua bei ya kukosa mashini: tarehe 20 Desemba 2023 inchi ilipiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga, vita ilikuwa imezuia uandikishaji. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa AFC/M23. Mwezi wa tatu 2025 kazi ya Bisie ilisimama, ikaanza tena mwezi wa nne. Katika maisha ya namna hii, mtu aliyekimbia mara tatu, kidole chake ndicho karatasi pekee ambayo hakuisahau nyumbani. Mashini inayokataa kidole kile inamkataa yeye mzima. Mama aliyetoka kambini saa kumi ya usiku kwenda kungoja mgao hawezi kuambiwa "urudi kesho" juu ya waya wa shaba wa meta tatu.

Ndiyo maana madai yetu hayaishii kwenye waya. Tunaomba kampani na kooperative zote zinazotumia mashini hizi zikubali kwamba siku ambayo mashini imekataa ni siku ya kazi, inalipwa, mpaka ionyeshwe kinyume. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataja makato yanayoruhusiwa kwenye mshahara; nje ya yale hakuna. Anayetaka kukata feza ya kapteri aonyeshe kwanza uzembe wa mtu, na cheche iliyotoka kwenye jaketi ambayo kampani yenyewe iliagiza ivuliwe haiwezi kuitwa uzembe. Tunaomba pia mtu ambaye vidole vyake vimelika kweli apewe njia nyingine, kadi ao namba ya siri, bila kupigishwa magoti. Na alama za vidole vyetu, sheria ya kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inazihesabu kati ya mambo ya mtu yanayolindwa. Kampani ikiondoa mashini iliyokufa, iseme kilichomo ndani kimekwenda wapi.

Na kando ya kila mashini, daftari. Wakubwa wengine wanatucheka kwamba tunarudi nyuma. Acha wacheke. Daftari la karatasi halikauki mwezi wa saba na halipigwi na radi. Tulilolipanga liko na mistari sita: tarehe na saa, jina, kidole kilichowekwa, mashini ilisema nini, hali ya hewa, na saini mbili, ya karani na ya delege wa sendika. Ule mstari wa hali ya hewa wengine waliona ni upuuzi. Ndio uliotuonyesha kwamba kapteri zilikufa asubuhi kavu, hazikufa siku za tope, na mikono michafu iko mingi siku za tope.

Mwenye kutaka kulianzisha kwake, kayee la kurasa mia linatosha miezi mitatu kwa timu ya watu hamsini. Usiku linalala kwa delege, hapana ndani ya kontena.